Kasi Inapopotelea Njiani: Waifai katika Nyumba za Kupanga za Shinyanga na Geita

Intaneti isiyotumia waya hupita vipande vinne kabla ya kumfikia mpangaji chumbani. Kipande cha kwanza kimo ndani ya simu au kompyuta yenyewe. Cha pili ni hewa iliyopo kati ya kifaa hicho na ruta. Cha tatu ni ruta. Cha nne ni kila kilicho nje ya nyumba: mnara au waya wa faiba, Mkongo wa Taifa, nyaya za chini ya bahari na mashine ya mbali inayohifadhi ukurasa unaotafutwa. Kipande kimoja kikizembea, njia nzima huonekana nzito, kwa kuwa skrini haionyeshi foleni imeanzia wapi. Ndiyo maana Kahama, Katoro, Geita mjini au Shinyanga, mpangaji huweza kununua kifurushi kikubwa kuliko cha mwezi uliopita na asione tofauti yoyote, kwa sababu kasi yake inaishia kwenye ukuta wa chumba cha kulala. Hiyo ni fedha ya familia inayopotea bure, na inaweza kuokolewa kwa nusu saa ya kupima.

Kabla ya kupima inafaa kujua kinachopimwa, maana malalamiko ya “mtandao uko slo” hubeba mambo matatu yasiyofanana. Jambo la kwanza ni upana wa njia, yaani data kiasi gani inapita kwa sekunde moja. Video inayosimama ikizunguka kisha ikaendelea vizuri kwa dakika nzima mara nyingi ina njia nyembamba. La pili ni muda wa kwenda na kurudi: ukurasa hukaa kimya kitambo, halafu hufunguka wote kwa mkupuo. La tatu ni kupotea kwa vipande vya data njiani, na dalili yake ni sauti inayokatikakatika kwenye simu ya WhatsApp ilhali picha zinapakuliwa bila taabu. Upana unaweza kuongezwa kwa kununua kifurushi. Mawili yaliyobaki hayauzwi dukani.

Vipimo vyenyewe huwachanganya wengi. Bando huuzwa kwa gigabaiti, lakini kasi hutangazwa kwa megabiti, na baiti moja ni biti nane. Njia ya megabiti 10 kwa sekunde hupitisha megabaiti 1.25 tu kwa sekunde, hivyo faili la gigabaiti moja huchukua zaidi ya dakika kumi na tatu hata kila kitu kikiwa sawa. Anayedhani megabiti 10 ni megabaiti 10 ataona ameibiwa sehemu saba kati ya nane, na hajaibiwa. Kwa matumizi ya kawaida ya nyumbani, video ya ubora wa juu hutosheka na takriban megabiti 5 kwa sekunde, na simu ya video huhitaji kati ya 1 na 3. Nyumba ya watu wanne yenye megabiti 20 za kweli chumbani haina sababu ya kuteseka.

Upimaji hufanywa kwa programu kama Speedtest au Fast, na huanza kwa kuzima au kukata vifaa vingine vyote. Kipimo cha kwanza huchukuliwa mita moja au mbili kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati. Cha pili huchukuliwa kwenye chumba chenye malalamiko. Cha tatu ndicho chenye thamani kuliko vyote, nacho ndicho kinachorukwa mara nyingi zaidi: kompyuta huunganishwa na ruta kwa kebo, waifai yake ikiwa imezimwa. Vipimo hivyo hurudiwa alfajiri, mchana na kati ya saa mbili na saa tano usiku, kisha huandikwa kwenye daftari pamoja na saa. Tahadhari moja: kwenye njia yenye kasi, kipimo kimoja kinaweza kula makumi ya megabaiti, hata zaidi ya mia, kwa hiyo mwenye bando dogo apime kwa uchache.

Daftari hilo likisomwa vizuri hujibu karibu kila swali. Kasi ikiwa nzuri kwenye kebo na nzuri karibu na ruta lakini mbaya chumbani, tatizo ni kuta na umbali. Ikiwa nzuri kwenye kebo na mbaya hata karibu na ruta, hewa ya nyumbani imejaa, au redio ya ruta au ya kifaa kinachopimia ni dhaifu. Kifaa cha pili kikipimwa mahali palepale, ubishi huo unakwisha. Ikiwa mbaya popote na wakati wote, kifurushi, ruta au njia ya nje ndiyo yenye lawama. Penye utata ni pale intaneti inapokuwa njema mchana na mbaya usiku. Mpangaji huulaumu mnara, na pengine ana haki. Lakini katika jengo la ghorofa mbili lenye familia nane, saa tatu usiku kila ruta inafanya kazi kwa nguvu, na hewa ya ndani ya jengo nayo husongamana saa ileile ambayo mnara unasongamana. Kipimo cha kebo cha usiku ndicho pekee kinachotenganisha mambo hayo mawili: kebo ikibaki na kasi, mnara hauna kosa.

Kuta za ukanda huu zinastahili maelezo marefu kidogo. Waifai hutumia hasa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la 5 lina takriban sentimita 6. Lile refu hupenya ukuta vizuri zaidi; lile fupi hubeba data nyingi zaidi lakini huchoka upesi. Nguvu yake hupimwa kwa desibeli zilizo chini ya sifuri: hasi 50 ni nzuri sana, hasi 67 bado inatosha kwa simu ya video, hasi 80 ni ya kubahatisha. Kila desibeli 3 zinazopungua hukata nguvu kwa nusu, na 10 huacha sehemu moja tu ya kumi. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka maradufu nguvu hushuka hadi robo.

Sasa ichukuliwe nyumba ya kawaida ya kupanga ya Kahama au Geita: kuta za tofali za saruji au za kuchoma, nguzo za zege zenye nondo, sakafu ya zege kati ya ghorofa na ghorofa, grili za chuma madirishani, mlango wa chuma mbele, bati juu. Ukuta mmoja wa tofali kwa kawaida hula desibeli kadhaa, na zege lenye nondo hula zaidi sana, hasa kwenye masafa ya 5. Chuma hakipenyeki, hulirudisha wimbi lilikotoka. Kioo kikubwa cha kabati la nguo ni chuma pia machoni pa redio, kwa sababu nyuma yake pamepakwa utando wa madini. Maji hunyonya mawimbi, kwa hiyo simtanki lililojaa kati ya ruta na chumba cha nyuma linatosha kukiacha chumba hicho gizani, bila mawimbi. Friji hukusanya makosa mengi kwa pamoja, nayo bahati mbaya ndiyo sehemu pendwa ya kuwekea ruta.

Tiba ya kwanza basi ni kuhamisha ruta, na haina bei. Mahali pazuri ni katikati ya nyumba, juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyekaa, nje ya kabati la televisheni, mbali na friji na jiko la maikrowevu, ambalo hutumia masafa ya karibu gigahezi 2.45 na huvujisha kiasi kidogo kinachotosha kuvuruga waifai ya 2.4 likiwa linapasha chakula. Antena iliyosimama wima hurusha mawimbi pembeni, na juu na chini huyarusha kidogo sana. Kwa nyumba ya chini tupu antena zote zisimame. Kwa familia yenye vyumba ghorofa mbili, moja ilazwe.

Hapo ndipo ukanda huu wa dhahabu wa Shinyanga na Geita una ugumu wake wa pekee. Mtaani ambako faiba haijafika, intaneti ya nyumbani huja kwa ruta yenye laini ya simu, ya 4G au 5G. Ruta ya namna hiyo ina redio mbili: moja inaongea na mnara, nyingine inaongea na vyumba. Mahali panapoifaa redio ya mnara ni dirishani, upande wa mnara, juu iwezekanavyo. Mahali panapoifaa redio ya vyumba ni katikati ya nyumba. Pande hizo mbili hugombana, na mpangaji asiyejua ugomvi huo ataisogeza ruta mwezi mzima bila kupata nafuu. Utatuzi ni kuziachanisha kazi. Ruta huachwa dirishani inakopata mnara vizuri, kisha kebo huvutwa hadi katikati ya nyumba na kuunganishwa na kifaa cha pili kinachotoa waifai. Kebo ya mita 15 ni nafuu kuliko ongezeko la kifurushi la miezi michache. Ripita isiyo na kebo hufanya kazi pia, lakini ile ya redio moja hupokea na kurusha kwenye chaneli ileile, hivyo hukata kasi karibu nusu. Nayo ikiwekwa ndani ya chumba chenye mawimbi dhaifu, husambaza unyonge ule ule inaoupokea. Iwekwe nusu ya njia, ambako mawimbi bado yana nguvu.

Vistari vya mtandao kwenye ruta hiyo visiaminiwe peke yake. Huonyesha nguvu ya mawimbi ya mnara, havionyeshi watu wangapi wanagawana mnara huo. Ukurasa wa mipangilio wa ruta hutoa namba halisi kwa desibeli. Kwa 4G, karibu hasi 80 ni njema na chini ya hasi 110 ni taabu. Namba ikiwa njema na kasi ya kebo bado ni mbaya usiku, mnara umejaa. Na minara ya huku ina kazi kubwa: Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,739,530 mkoani Geita, ile ya 2022 ikahesabu 2,977,608, na katika muda huohuo mkoa wa Shinyanga ulitoka 1,534,808 hadi 2,241,299. Pamoja na idadi hiyo simujanja zimeenea, na video imekuwa chakula cha kila jioni. Laini ya kampuni nyingine ikijaribiwa kwa siku mbili ndani ya ruta hiyohiyo, iwapo haijafungwa kwa kampuni moja, huonyesha kama mnara wa jirani una nafasi.

Msongamano wa hewa ya ndani una kanuni zake. Waifai ni kama bomba moja la mtaa: anakinga mmoja, wengine wanasubiri. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja husikilizana kabla ya kusema, hata vikiwa vya familia tofauti zenye nywila tofauti. Nywila huzuia kuingia kwenye mtandao wa jirani, haizuii kugawana hewa naye. Masafa ya 2.4 yana chaneli 13, lakini zimepishana kwa megahezi 5 tu ilhali kila mtandao unatumia upana wa megahezi 20, kwa hiyo ni chaneli tatu tu zisizogusana: 1, 6 na 11. Fundi anayekimbilia chaneli 3 akidhani amepata pa wazi anafanya vibaya zaidi kuliko aliyebaki kwenye 1 pamoja na majirani. Walio kwenye chaneli moja husubiriana kwa adabu. Walio nusu ndani nusu nje hawaelewani, na kila mmoja kwa mwenzake ni kelele tupu. Wapangaji wa jengo moja wakikubaliana juu ya 1, 6 na 11, wote wanapata nafuu siku hiyohiyo.

Maboksi ya ruta nyingi huandikwa megabiti 300, na namba hiyo hupatikana tu kwa kupanua mtandao hadi megahezi 40, yaani kula sehemu kubwa ya masafa yote ya 2.4. Katika nyumba iliyozungukwa na ruta nyingine upana huo huleta ugomvi na kasi hushuka, kwa hiyo urudishwe 20. Kasi ya kweli nayo huwa karibu nusu ya ile ya kwenye boksi hata hali ikiwa njema, kwa kuwa muda mwingi huliwa na kusubiriana na kuthibitisha mapokezi. Penye nafasi ni masafa ya 5: yana chaneli nyingi, na udhaifu wake wa kutopenya kuta hugeuka kuwa faida, maana yale ya jirani nayo hayafiki. Chumba chenye ruta kitumie 5, vyumba vya mbali vibaki 2.4.

Zipo simu za zamani zinazomchelewesha kila mtu. Kifaa dhaifu, au kilicho mbali, huongea polepole. Data ileile ambayo simu ya karibu huimaliza kwa muda mfupi, chenyewe hukaa nayo hewani mara kumi zaidi, na foleni yote inasubiri. Mwenye ndoo kubwa na mpira mwembamba bombani anajulikana mtaani. Huyu wa waifai haonekani. Kamera ya ulinzi iliyofungwa getini, inayopata hasi 82, inaweza kuwa ndiyo inayoharibu video ya sebuleni. Dawa yake ni kuiunganisha kwa kebo.

Ukurasa wa mipangilio wa ruta una orodha ya vifaa vilivyounganishwa, na kuisoma ni kazi ya dakika moja. Mpangaji aliyehama miezi sita iliyopita akihamia chumba cha nne anaweza bado kuwa na nywila. Nywila ibadilishwe kila mpangaji anapoondoka, ulinzi uwe WPA2 au WPA3, na kitufe cha kuunganisha bila nywila kizimwe. Mwenye nyumba anayetoa intaneti ndani ya kodi ana wajibu mkubwa zaidi: ruta yake iwekewe kikomo cha kasi kwa kila kifaa, la sivyo mmoja anayepakua filamu atawafunga wote.

Kuna chanzo kingine kinachosahauliwa, nacho ni kupakia. Simu inayotuma picha na video zote za harusi kwenye hifadhi ya mbali hujaza njia ya kupandisha, ambayo kwenye 4G mara nyingi ni nyembamba kuliko ya kushusha. Kila data inayoshuka huhitaji uthibitisho mdogo unaopanda. Uthibitisho ukikwama kwenye foleni ya picha, hata kushusha kunasimama. Hifadhi hizo zipangiwe saa nane usiku.

Umeme una sehemu yake. Ruta nyingi hutumia volti 12, na adapta yake huandikwa ampea inazotoa. Adapta ikiungua kisha ikanunuliwa mbadala wa ampea 1 badala ya 2, ruta huwaka taa zote lakini hujizima na kujiwasha inapopata kazi nzito, na familia huona intaneti “inakatika saa za watu wengi”. Adapta iliyozeeka na umeme unaoyumba huzaa dalili ileile. Radi ni adui mkubwa, kwani ukanda wa Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani: wingu zito likijikusanya, plagi ya umeme na waya wa antena ya nje vichomolewe vyote viwili. Vumbi la kiangazi la Shinyanga huziba matundu ya kupoza, na ruta iliyopata moto hupunguza kasi au hugoma. Kitambaa kikavu kila wiki kinatosha. Betri ndogo ya volti 12 iliyotengenezwa kwa ajili ya ruta huiokoa LUKU inapoisha, mradi mnara nao una akiba yake.

Nje ya nyumba mpangaji hana la kurekebisha, ila ana la kutambua. Baadhi ya minara huunganishwa kwa redio za sahani, na mawimbi yanayozidi gigahezi 10 hudhoofishwa na mvua kubwa. Intaneti inayolegea wakati wa mvua na kurudi baada yake ina asili hiyo. Mbali zaidi kuna Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL, na nyaya za baharini zinazofika Dar es Salaam, SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania nzima ikaelemewa; siku ile hakuna ruta iliyohitaji kuguswa. Umbali wenyewe una gharama yake. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo safari ya karibu kilomita 1,000 kutoka Shinyanga hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, haiwezi kupungua milisekunde 10. Mashine iliyoko Ulaya hujibu kwa zaidi ya 100, na hakuna kifurushi kitakachobadilisha hilo.

Kipimo cha kebo kikionyesha kwamba tatizo liko nje, malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, yakiambatana na daftari: tarehe, saa, kasi ya kebo, nguvu ya mawimbi ya mnara na kasi iliyoahidiwa kwenye kifurushi. Inafaa pia kuhakikisha kwamba kikomo cha matumizi ya mwezi hakijafikiwa, kwa kuwa vifurushi vingine vya “bila kikomo” hupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani. Asiporidhika, mteja huenda kwa mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Ofisini, karatasi yenye vipimo vya siku saba vya saa tatu usiku ina uzito ambao maneno matupu hayana.

Marekebisho ya ndani hufanywa moja moja, na baada ya kila moja hupimwa tena mahali palepale, saa ileile. Anayehamisha ruta, kubadilisha chaneli na kuongeza ripita siku moja hatajua kipi kimesaidia, na kosa likirudi ataanza upya.

Limebaki la wajenzi. Nyumba za kupanga zinazidi kuinuliwa Kahama na Geita, na wakati rahisi wa kuweka njia ya intaneti ni kabla ya plasta. Paipu moja tupu ya plastiki kutoka darini hadi sebule ya kila familia, sambamba na paipu za umeme lakini mbali nazo kidogo, huruhusu kebo kupitishwa wakati wowote bila kutoboa zege. Kebo ya shaba ya kawaida ya mtandao hubeba data hadi mita 100, urefu unaotosha jengo lolote la ghorofa tatu, na paipu hiyohiyo itapokea faiba siku itakapofika mtaani.